Bodaboda Katikati ya Magari: Njia ya Kazini ni Sehemu ya Kazi



Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda, barabara kuu ya Kampala kwenda Jinja hujaa magari. Malori yaliyotoka Mombasa kwa njia ya Malaba na Busia hukutana na teksi za abiria, mabasi, na magari madogo ya watu wa ofisini. Toka Nakawa, Banda, Kireka na Bweyogerere mpaka Namanve penye viwanda, magari yamesimama safu kwa safu. Inayokwenda ni bodaboda peke yake, nayo yapita katikati ya safu mbili, mahali pembamba ambapo abiria akitanua magoti atagusa milango ya pande zote mbili.

Na nyuma ya bodaboda ile ameketi nani? Si tajiri. Ni mfanyakazi wa kiwandani anayewahi zamu ya asubuhi, mfuko wa chakula mapajani, macho yakitazama saa. Ndiyo maana nataka tulizungumze jambo hili katika gazeti la chama, wala tusiwaachie askari wa barabarani peke yao.

Aliyeumia goti

Nitatoa mfano wa dada mmoja wa tawi letu. Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kufunga maboksi. Kiwandani kwake lango lilifungwa saa moja kamili. Aliyechelewa dakika 5 alikatwa mshahara wa nusu siku, na aliyechelewa mara tatu kwa mwezi aliandikiwa barua ya onyo. Yeye alikwisha kuchelewa mara mbili.

Siku hiyo akapanda bodaboda karibu na Kireka. Magari yalikuwa yamesimama. Dereva wa boda alikuwa akienda taratibu nyuma ya lori, na dada akamwambia mwenyewe, "Ssebo, pita hapo katikati, lango litafungwa." Dereva akajibu, "Sawa, nnyabo," akaingia katikati akaongeza mwendo. Mbele yao teksi moja ikafungua mlango ili ishushe abiria. Dereva aliruka akachubuka mkono. Dada goti lake liligonga ukingo wa mlango, nalo likavunjika.

Alilala hospitali majuma sita. Msimamizi wake alipokuja kumwona alimwambia kwa upole kabisa, "Pole sana, lakini hii ni ajali ya barabarani, si ya kiwandani." Dada aliamini, na familia yake ikaamini, wakauza mbuzi wakalipa hospitali. Sisi wa chama tulipata habari mwezi wa nne baadaye, alipokuja kuuliza kama kuna kazi ya kukaa. Tulipoandika barua ya kudai fidia, mwajiri alijibu kwamba muda wa kutoa taarifa umepita, na kwamba hakuna shahidi wa kuthibitisha kuwa alikuwa njiani kwenda kazini. Namba ya pikipiki haikuandikwa. Dereva hakuonekana tena. Dada hakupata hata senti.

Yule msimamizi hakusema kweli, lakini sisi nasi hatukuwa tumewafundisha wenzetu sheria.

Wenzetu wa nchi nyingine walichunguza nini

Kupita katikati ya magari hakukuanzia Kampala. Kila mahali penye barabara kubwa na magari mengi, wenye pikipiki hufanya hivyo. Katika nchi nyingine serikali iliona ni afadhali kulichunguza jambo lenyewe kuliko kufumba macho.

Katika jimbo la California, Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Berkeley walitoa taarifa yao mwaka 2015. Walitazama ajali za wenye pikipiki wapatao 6,000, ambao 997 kati yao walikuwa wakipita katikati ya magari wakati wa ajali. Kati ya hao wa katikati, kwa kila 1,000 walikufa 12. Kati ya wengine, kwa kila 1,000 walikufa 30. Tena wapitao katikati waliumia kichwa mara chache zaidi, na mara chache zaidi waligongwa kwa nyuma.

Mtu akisoma hapo tu atasema, basi tupite! Lakini taarifa hiyo ina upande wa pili. Kwanza, wale waliopita katikati waligonga magari ya mbele yao mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Pili, walikuwa watu waendao kazini siku za juma, wengi wamevaa helmeti nzuri, na wachache tu walikuwa wamelewa. Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, ni wachache waliokuwa wamebeba abiria. Bodaboda kazi yake ni kubeba abiria, na goti la abiria hutokea nje kuliko la dereva. Kwa hiyo hesabu ya California haiwezi kuwa ruhusa kwetu.

Jambo ambalo wataalamu wale walilitilia mkazo ni mwendo. Waliona kwamba hatari haikupanda sana iwapo magari yalikwenda chini ya kilomita 80 kwa saa, na pikipiki haikuyazidi magari kwa zaidi ya kilomita 24 kwa saa. Ikizidi hapo, majeraha yaliongezeka. Jimbo hilo liliingiza jambo hili katika sheria zake za barabarani kuanzia tarehe 1 Januari 2017.

Ufaransa ilikwenda polepole zaidi. Mwaka 2016 ilianza majaribio katika mikoa 11, ikiwemo Paris na miji jirani yake. Majaribio hayo yalikwisha mwaka 2021, na taarifa ikasema wazi kwamba katika barabara za majaribio ajali za pikipiki zilizidi kwa asilimia 12. Hawakuificha taarifa. Walianza majaribio mengine mwaka huo huo katika mikoa 21, na mwezi Januari 2025 wakaweka sheria ya nchi nzima. Pikipiki yaweza kupita katikati kwenye barabara kubwa tu, zenye njia mbili au zaidi kila upande na ukingo wa kutenganisha pande hizo, tena wakati wa msongamano. Ipite katikati ya safu mbili za kushoto kabisa, wala si penginepo. Isizidi kilomita 50 kwa saa, na safu moja ikiwa imesimama, isizidi kilomita 30.

Angalieni hapo, ndugu zangu. Wamechagua upenyo mmoja. Kule magari huenda upande wa kulia, na dereva wa gari aliye katika safu hizo mbili anajua pikipiki itatokea wapi, hivyo hutazama kioo cha upande huo. Kwetu bodaboda hutokea kulia, kushoto, mbele ya lori, na hata kati ya lori na ukingo wa barabara, ambapo dereva aliye juu hamwoni mtu kabisa.

Hesabu ya dakika

Sasa tufanye hesabu ndogo ambayo kila mmoja wetu anaiweza. Tuchukue safari ya kilomita 10. Magari yanakwenda kilomita 10 kwa saa, yaani aliye katika teksi atafika baada ya saa nzima. Bodaboda ikipita kwa kilomita 20 kwa saa, itafika kwa dakika 30. Mfanyakazi ameokoa dakika 30. Ikiongeza ikafika 40 kwa saa, itafika kwa dakika 15. Ameokoa dakika 15 nyingine tu.

Lakini mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya kugonga kitu kilichosimama huongezeka mara nne. Tena, kwa kilomita 20 pikipiki huenda mita 5 na nusu kwa sekunde moja, na kwa kilomita 40 huenda mita 11. Sekunde moja ndiyo inayopita kabla mkono wa dereva haujakamata breki. Mlango wa teksi ukifunguliwa mita 8 mbele, wa kwanza bado ana nafasi ya kupunguza mwendo. Wa pili amekwisha kugonga.

Kwa hiyo dakika 30 za kwanza ni rahisi, na dakika 15 za mwisho ni ghali mno. Zile za mwisho ndizo alizonunua dada yetu.

Nani anayetuharakisha

Wako wasemao kwamba bodaboda ni wahuni, na abiria wao hawana akili. Watasema haraka haraka haina baraka. Sawa, lakini tuulize haraka hiyo ni ya nani.

Dereva wa boda mara nyingi pikipiki si yake. Ni ya tajiri anayetaka fedha zake kila jioni, au ni ya mkopo ambao akikosa kulipa itachukuliwa. Kila dakika aliyosimama katika msongamano ni abiria aliyepotea. Naye ni mfanyakazi kama sisi, ingawa hana lango wala kadi ya saa. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi cha Uganda, Amalgamated Transport and General Workers Union, kimekwisha kupokea vyama vya bodaboda kuwa wanachama, na hilo ni jambo jema.

Na mfanyakazi anaharakishwa na lango. Mwajiri akikata nusu siku kwa dakika 5, huyo naye ameshika usukani wa bodaboda, ingawa yeye amekaa ofisini.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uganda ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema kwamba mfanyakazi akiumia kwa ajali wakati anasafiri moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini, ajali hiyo huhesabiwa kuwa imetokea kazini. Haikusema awe katika gari la kampuni. Mwenye miguu, mwenye baiskeli, aliyepanda teksi na aliyepanda bodaboda, wote wamo.

Ila yako mambo mawili ya kushika sana. La kwanza, ni juu ya mfanyakazi kuonyesha kwamba safari yake ilikuwa ya moja kwa moja. Ukipitia sokoni au kwa rafiki, umempa mwajiri maneno. La pili, taarifa itolewe kwa mwajiri katika muda wa mwezi mmoja. Na msiogope mkiambiwa kwamba mlikuwa wazembe kwa kupanda pikipiki iendayo mbio, kwa maana sheria inasema fidia hulipwa hata kama mfanyakazi mwenyewe alifanya uzembe. Hapo ndipo dada yetu alipopoteza haki yake, si barabarani.

Yatupasayo kufanya

Abiria, mwambie dereva kabla hujapanda kwamba unataka mwendo wa taratibu. Vaa helmeti na uifunge kidevuni. Bana magoti. Dereva akitaka kupita kati ya lori na ukingo, au mbele ya teksi inayoshusha watu, mwambie asimame. Ukishuka ukatembea hakuna aibu.

Chukua bodaboda ya kituo kimoja unachokijua, andika namba yake na jina la dereva, mwachie mtu wa nyumbani. Huyo ndiye shahidi wako.

Ukiumia, au mwenzio akiumia, mwakilishi wa wafanyakazi apate habari siku hiyo hiyo. Yeye aandike barua kwa mwajiri, abaki na nakala iliyopigwa muhuri, atafute karatasi ya polisi na ya daktari. Mwajiri akikataa, twende kwa ofisa wa kazi wa wilaya.

Na sisi viongozi wa matawi tunapokaa mezani na waajiri, tusizungumze mshahara peke yake. Tudai nusu saa ya kuvumiliana asubuhi msongamano unapokuwa mkubwa, dakika hizo zilipwe kwa kufanya kazi jioni. Tudai basi la wafanyakazi pale penye watu wengi wa njia moja. Wenzetu wa mashamba ya miwa na chai, ambao huchukuliwa kwa trekta na malori ya wazi, wao pia wadai gari la kukalia watu, kwa kuwa sheria ni hiyo hiyo moja.

Tuwaite pia madereva wa boda wa vituo vilivyo karibu na milango yetu. Tukubaliane nao mwendo usiozidi, upenyo mmoja wa kupita, na helmeti ya pili kwa abiria. Wao ndio waijuao barabara ile kuliko sote.

Yule dada sasa anauza nyanya na vitunguu si mbali na lango lile lile. Asubuhi huwaona wenzake wakishuka juu ya bodaboda wakikimbia. Juzi alimwambia kijana mmoja, "Mwanangu, mimi nilifika mapema kuliko wewe, na tazama nimeketi wapi."

Umoja ni nguvu.