Tuta Hushinda Kibao

Dereva anayeingia Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, hangoji kuambiwa apunguze mwendo. Kuta zimembana, wazee wako barazani, kona ya mbele inaficha kilicho nyuma yake, na alasiri watoto wanatoka chuoni na juzuu mikononi. Atakwenda mwendo wa mkokoteni, apende asipende. Dereva huyohuyo akifika Mama Ngina, bahari upande mmoja na mibuyu kando, barabara pana imemfungukia, mguu unajisahau. Tabia yake ni ileile. Kilichobadilika ni barabara. Kwa hiyo nashangaa tunapodhani kwamba usalama wa mwanafunzi unakamilika kwa rangi ya basi.

Rangi ina faida, sikatai. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2017 yalitaka magari ya shule Kenya yapakwe manjano, na manjano huonekana mbali. Lakini hatari kubwa huanza mtoto akishateremka. Huku tunaendesha kushoto na mlango wa basi uko kushoto. Mtoto ambaye kwao ni ng'ambo hulizunguka basi kwa mbele, na kwa kimo chake basi zima linamficha. Tuktuk inayolipita basi humwona akiwa tayari puani. Hapo mwendo ndio huamua. Kilomita 50 kwa saa, kikomo cha mjini, ni kama mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka huzila zote kabla breki haijaguswa. Wa kilomita 30 hutumia mita 8 kushtuka na 5 hivi kusimama, lami ikiwa kavu. Yaani pale wa 30 alipokwisha kusimama, wa 50 ndiyo kwanza anakanyaga breki. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka 30 iwe kikomo pale magari na waendao kwa miguu wanapochanganyika.

Wenye magari watasema foleni inatosha. Ni kweli magari hushuka feri ya Likoni kwa mkupuo, kila dereva akiamini amechelewa kuliko mwenzake. Lakini katika mita 300 za mbele ya shule, tofauti ya 50 na 30 ni sekunde 14 au 15, na foleni ya feri yenyewe hula zaidi ya hizo bila kuomba radhi. Wengine watasema wazazi wawafunze watoto kuvuka. Wawafunze, ila mtoto wa miaka saba bado hawezi kukadiria kasi ya gari linalomjia. Dar es Salaam, shirika la Amend halikuishia kwenye mafunzo: mpango wake wa SARSAI uliweka matuta na njia za miguu, na pengine ukahamisha hata lango la shule. Majeruhi walipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya WRI Ross. Malalamiko kwamba matuta huvunja springi za magari nayaelewa, lakini yanahusu yale marundo ya lami yasiyo na rangi; tuta pana lililopimwa halivunji kitu.

Mpaka lijengwe, mwenye tuktuk aliyesimama nyuma ya basi la manjano na atazame chini ya basi hilo, kati ya magurudumu. Viatu vyeusi na soksi nyeupe huonekana kabla ya kichwa.