Somo kwa telefone limfikie mwenye panga

Wandugu na mama walimaji, tuanze na kosa letu. Msimu uliopita tulituma somo la mnyauko wa migomba katika kikundi cha WhatsApp cha kooperative moja ya Kalehe. Tulihesabu waliofungua video, tukafurahi. Tulipopita mashambani miezi mitatu kisha, tulikuta majani yamekauka na ndizi zimeiva mbele ya wakati, ndani zimeoza.

Mama mmoja akatuambia: «Telefone iko na bwana, na bwana iko Bukavu. Panga ndiyo iko na mimi.» Alikuwa anakata majani shamba zima na panga ile ile, bila kuisafisha. Wengi wa wale mama hawakuona video hata siku moja.

Kusoma kwa intaneti ni kitu kizuri. Video za Access Agriculture, nyingine kwa Kiswahili, zinapatikana bila kulipa, na mtu anaweza kuzirudilia mara kumi. Agronome mwenye vijiji vingi hawezi kurudi mara kumi. Lakini mega ni bei, rezo inapotea, na telefone ndogo haionyeshi video. Kwa hiyo sasa tunafanya hivi:

1. Mtu mmoja anapakua video mjini mara moja, kisha anazigawa kwa Bluetooth. Hapo mega haihitajiki tena.

2. Siku ya mkutano tunaangalia pamoja, watu wachache kwa kila telefone. Tunasimamisha video, tunauliza maswali.

3. Siku hiyo hiyo tunaingia shambani. Shina lenye ugonjwa linakatwa chini, usawa wa udongo. Mengine ya kichaka hicho yanabaki. Ua dume linaondolewa na kijiti chenye panda, si na kisu, mara tu kichane cha mwisho kimetoka. Panga inapitishwa motoni mbele ya kugusa shina lingine.

4. Anayelima shamba ndiye anajaribu wa kwanza. Sisi tunaangalia tu.

Ugonjwa huu ulionekana Masisi tangu 2001, na hauna dawa ya kunyunyiza. Ndiyo maana kila mkono wenye panga lazima ujue.

Kwenye mkutano ujao, kila memba ajibu: nyumbani kwako nani anakata migomba, na je, ameona somo? Kama hapana, uje naye.