UVIMBE NDANI YA MOYO: JINSI UNAVYOONEKANA

Tuseme kuna mama mmoja kijijini, hajafika miaka hamsini. Tangu mavuno hana nguvu. Akipanda mlima na ndoo kichwani, pumzi inamkatika. Akiinama kupalilia kisha akainuka, kizunguzungu kinamshika. Hata siku moja alianguka shambani, akazimia kidogo, akaamka. Homa ndogo haimtoki, na nguo zimekuwa kubwa mwilini. Majirani wananong'ona. Huyu asema ni kifua kikuu, yule asema amerogwa. Mama mwenyewe ananyamaza, maana watoto bado wadogo.

Ndugu wasomaji, magonjwa mengi huleta dalili kama hizi: upungufu wa damu, kifua kikuu, au milango ya moyo iliyoharibika. Lakini mara chache sana, sababu ni uvimbe uliomea ndani ya moyo wenyewe. Ukijulikana mapema, mtu huweza kupona. Usipojulikana, huweza kumwua.

Kwanza tujue kwamba si kila uvimbe ni kansa. Katika uvimbe unaoanzia moyoni, karibu robo tatu si kansa. Kwa watu wazima, ule unaoonekana zaidi huitwa miksoma. Ni kitu laini kama ute mzito, kinachoning'inia kwa kikonyo kama tunda mtini. Mara nyingi hukaa katika chumba cha juu cha kushoto, umeshika ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu. Moyo ukipiga, uvimbe nao huyumba. Ukiangukia mlangoni, damu hukosa njia, ndipo mtu huzimia. Tena vipande vyake huweza kukatika vikaenda na damu mpaka ubongoni, mtu akapooza upande mmoja. Basi, neno "si kansa" lisitudanganye. Jiwe dogo likiziba bomba, kijiji kizima hukosa maji.

Zamani uvimbe huu ulijulikana tu maiti ilipopasuliwa. Mwaka 1954, huko Stockholm katika nchi ya Uswidi, daktari Clarence Crafoord aliutoa uvimbe wa namna hii, huku mashini ikifanya kazi ya moyo na mapafu, na mgonjwa akapona. Lakini mpasuaji hawezi kukata asichokiona. Picha ya kawaida ya eksirei huweka kivuli juu ya kivuli, na uvimbe hujificha humo.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali moja ya London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashini ya siti skani, iliyobuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Hesabu za kazi hiyo zilikuwa zimetafutwa pia na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mashini hii huuzunguka mwili kwa mionzi ya eksirei, na kompyuta huzikusanya picha kama vipande vya mkate uliokatwa. Daktari hukitazama kipande kimoja kimoja.

Kumbe moyo una taabu yake: hautulii. Kwa hiyo mgonjwa hufungwa nyaya za kupima umeme wa moyo, ili mashini ifuate mapigo. Huenda akapewa dawa ya kuyapunguza mapigo. Hutiwa mshipani dawa yenye ayodini, naye huzuia pumzi kwa sekunde chache. Akisikia joto likipita mwilini, asishtuke, ndiyo dawa. Katika picha damu huwaka nyeupe, na uvimbe huonekana kama kivuli cheusi ndani yake.

Tena mashini hupima kwa namba. Maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri, na mafuta pia huwa chini ya sifuri. Hivyo uvimbe wa mafuta hujulikana upesi, na chokaa ndani ya uvimbe huonekana waziwazi. Donge la damu nalo hufanana na miksoma, lakini mara nyingi hukaa katika kijifuko cha pembeni cha chumba, wala halinywi dawa ile. Hata hivyo, hakika yote hupatikana uvimbe ukishatolewa na kutazamwa kwa hadubini.

Lakini msikimbilie siti skani. Kipimo cha kwanza ni eko, kisicho na mionzi. Siti skani hufuata daktari akitaka kujua zaidi, au kuikagua mishipa ya moyo kabla ya kupasua. Mwenye mimba, mwenye ugonjwa wa figo, au aliyewahi kudhurika kwa dawa ya picha, amwambie daktari mapema. Kwa watoto wadogo, aina moja ya uvimbe wa moyo mara nyingi hunywea yenyewe. Hao huangaliwa tu.

Siku hizi upasuaji wa moyo hufanyika hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Miksoma ikitolewa yote, mara chache hurudi. Kwa hiyo mgonjwa asiache kwenda kupimwa tena.

Basi, baba wa nyumba, mkeo akizimia shambani, usimwite mvivu, wala usitafute aliyemroga. Mpeleke zahanati, umweleze mganga yote: pumzi, homa, kuzimia, na tangu lini. Safari ya kumwokoa huanzia hapo.