UZI: Treni inasimama wapi?

1/ Kwenye midahalo, mmoja husema "tulileta reli", mwingine "mlileta deni". Swali hili halijibiwi: treni inasimama wapi?

2/ Cheki Sultan Hamud, Makueni. Treni ya reli ya zamani, iliyojengwa 1896–1901, ilisimama pale. SGR ikaja 2017: ukitoka stesheni ya Athi River, inayofuata ni Emali. Sultan Hamud ikarukwa.

3/ Kasi hupatikana kwa kupunguza vituo. Abiria wa Mombasa anafika mapema. Mama aliyeuza ndizi dirishani amekosa soko.

4/ Hapa Kibera reli inapita katikati ya vibanda. Treni ikisimama ni biashara, ikipita ni honi tu.

5/ Kwa hivyo mgombea akiahidi reli, muulize: vituo viko wapi?