Je, Wajua? Wanawake na Mbio za Nyika

Je, wajua kwamba mwanamke wa kwanza kushinda mbio za nyika za kimataifa alikuwa pia mrusha mkuki? Ndiyo, mkuki! Gladys Lunn wa Uingereza aliibuka wa kwanza mjini Douai, Ufaransa, mwaka 1931. Miaka 3 baadaye, kwenye Michezo ya Dola ya Uingereza jijini London, akabeba dhahabu ya yadi 880 na dhahabu ya mkuki. Nitajie mkimbiaji wa leo anayeweza hayo. Nakusubiri.

Na ujasiri wa akina mama wale usiuchukulie poa. Mwaka 1928, pale Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Wakubwa wa michezo wakatikisa vichwa, eti umbali huo unawaumiza, wakaufuta. Unajua ulirudi lini? Mwaka 1960! Miaka 32 dunia inabishana kama mwanamke anaweza kuzunguka uwanja mara 2, na huku Waingereza, Wafaransa na Wabelgiji wa kike walishapimana ubavu nyikani pale Douai.

Ukitaka kucheka, sikia na ya wanaume. Mbio za nyika ziliwahi kuwa mchezo wa Olimpiki: 1912, 1920 na 1924. Mwaka huo wa mwisho, Paris ilikuwa na joto kali; wakaanza wanaume 38, wakamaliza 15 tu. Nyika ikaondolewa Olimpiki ya wakubwa na haijarudi hadi leo. Kwa hiyo hakuna mwanamke hata mmoja duniani mwenye medali ya Olimpiki hiyo kwa mbio za nyika, na si kosa lake.

Je, wajua kuna mwalimu wa Marekani aliyeshinda mara 5 mfululizo kabla mashindano hayajaitwa ya dunia? Anaitwa Doris Brown. Alianzia Barry, Wales, mwaka 1967, na hakung'oka kileleni hadi 1971.

Mwaka 1973 ndipo ubingwa wa dunia ukazaliwa rasmi, mjini Waregem, Ubelgiji. Mwitaliano Paola Pigni akashinda upande wa wanawake. Wanaume walipewa kilomita 12. Wanawake je? Kisia. Kilomita 4! Mbio zenyewe ukipiga chafya mara mbili zimeisha.

Sasa hesabu nami. Kutoka siku ile hadi wanawake wapewe umbali sawa na wanaume ilipita miaka 44. Kilomita 10 kwa 10 zilifika mwaka 2017. Na zilifika wapi? Kampala, bwana! Pale Kololo, Afrika Mashariki yenyewe.

Tubaki Kampala kidogo, maana siku ile kulitokea jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wa kwanza: Irene Cheptai, Kenya. Wa pili: Alice Aprot, Kenya. Wa tatu: Lilian Rengeruk, Kenya. Wa nne: Hyvin Kiyeng, Kenya. Wa tano: Agnes Tirop, Kenya. Wa sita: Faith Kipyegon, Kenya! Timu ina wakimbiaji 6, na wote 6 wakafika kabla ya mtu mwingine yeyote duniani.

Kama hujui pointi zinavyohesabiwa, ni rahisi kuliko bao. Chukua nafasi za wakimbiaji 4 bora wa timu, zijumlishe. Mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Moja na mbili na tatu na nne ni 10, na chini ya hapo hakuna. Kenya ilipata 10 na wengine 2 wakabaki bila kazi.

Lakini usidhani imekuwa hivyo siku zote. Je, wajua kwamba hadi mwaka 1994 hakuna mwanamke aliyewahi kushinda mbio za wakubwa akiwa amevaa jezi ya nchi ya Afrika? Aliyefungua mlango ni Hellen Chepngeno wa Kenya, mjini Budapest. Na baada yake, katika mbio ndefu (fupi inakuja huko mbele), Kenya ilikaa ikisubiri miaka 15! Wakapita Derartu Tulu, Gete Wami na Tirunesh Dibaba wa Ethiopia, wakapita Wazungu, hata Mwaustralia Benita Johnson akachukua wake Brussels mwaka 2004. Kisha Florence Kiplagat akashinda Amman, Jordan, mwaka 2009, na tangu siku hiyo hadi Belgrade 2024 mbio ziliandaliwa mara 9. Wakenya walishinda mara ngapi? Mara 9.

Umekaa vizuri? Sikia hii ya Derartu Tulu. Mwaka 1995 mashindano yalikuwa Durham, Uingereza. Mama huyu akakwama uwanja wa ndege wa Athens saa 24 nzima, bila usingizi. Akafika Durham ikiwa imebaki takriban saa moja bunduki ilie. Wewe na mimi tungeomba kitanda. Yeye akaomba namba ya kifuani, akaenda kuwa bingwa wa dunia.

Aliyekuwa nyuma yake siku hiyo ana kisa chake, na mimi huwa kinaniuma. Catherina McKiernan wa Ireland alimaliza wa pili mwaka 1992. Na 1993. Na 1994. Na 1995! Miaka 4, fedha 4, na kila mara mbele yake kulikuwa na mtu mpya kutoka nchi mpya: Mmarekani, Mreno, Mkenya, Mhabeshi. Usimlilie sana, lakini: Desemba 1994 wenzake wa Ulaya walipoanzisha ubingwa wao wa nyika, wa kwanza kuushinda alikuwa yeye.

Ireland ilijifuta machozi Marrakech, mwaka 1998. Mwaka ule waliongeza mbio fupi ya kilomita 4 kando ya ile ndefu ya 8. Sonia O'Sullivan akashinda ndefu, akalala, akaamka, akashinda na fupi. Kabla hiyo fupi haijafutwa ni mwanamke mwingine mmoja tu aliyewahi kufanya hivyo wikendi moja: Tirunesh Dibaba, mwaka 2005.

Nyumba ya akina Dibaba, jamani! Mwaka 2008 mjini Edinburgh, Tirunesh alitwaa ubingwa wa wakubwa, na siku hiyohiyo mdogo wake Genzebe akatwaa wa chipukizi. Ongeza kwamba Derartu Tulu ni binamu yao. Hapo ukiambiwa mbio ziko kwenye damu, utabisha?

Je, wajua kwamba kuna bingwa wa dunia aliyekuwa na miaka 13? Si 18, si 16: 13! Lydia Cheromei wa Kenya alishinda mbio za chipukizi Antwerp mwaka 1991, akiwa na umri wa mtoto anayetumwa dukani kununua chumvi. Kwa wakubwa, mdogo kuliko wote ni Zola Budd, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekimbilia Uingereza na aliyezoea kukimbia pekupeku. Alikuwa na miaka 18 aliposhinda Lisbon mwaka 1985.

Anayemfuatia kwa udogo ni Agnes Tirop, miaka 19, mjini Guiyang, China, mwaka 2015. Huyu tumtaje kwa heshima. Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani kwa mbio za wanawake peke yao, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten. Wanariadha wenzake wakaanzisha shirika la Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, na mwaka 2022 mbio za nyika za kimataifa za Eldoret zikakimbiwa kwa jina lake.

Na ukubwa nao haukuzuia mtu. Edith Masai, askari magereza wa Kenya, alishinda taji lake la kwanza la mbio fupi Dublin mwaka 2002, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 35. Akarudi akashinda 2003. Akarudi tena 2004. Wenzake wa rika lake walikuwa wanawaza pensheni.

Kwa hii nayo, shika kiti vizuri. Mwaka 1983, Gateshead, Uingereza, Mnorwei Ingrid Kristiansen alimaliza wa 35, akashangaa miguu imepatwa na nini. Miguu haikuwa na tatizo. Alikuwa mjamzito na hajui! Mtoto akazaliwa Agosti ya mwaka uleule, na mwaka 1988 mama yake akawa bingwa wa dunia wa nyika mjini Auckland. Aliyeshinda ile ya Gateshead alikuwa Mnorwei mwenzake Grete Waitz, na hilo lilikuwa taji lake la 5. Hadi leo hakuna mwanamke mwenye mengi kumzidi.

Twende nyumbani, Mombasa. Machi 24, 2007, dunia nzima ya nyika ilikuja uwanja wa gofu wa Mombasa, kando ya bahari. Joto la Mombasa mwezi Machi unalijua, au uliwahi kusimuliwa: umesimama tu na shati limelowa. Wakimbiaji wa milimani waliozoea baridi ya asubuhi walipepesuka kama watu waliokunywa. Kenenisa Bekele mwenyewe, aliyetawala nyika miaka 5 mfululizo, akatoka njiani upande wa wanaume. Kwa wanawake, Tirunesh Dibaba naye akapitwa. Aliyempita alizaliwa Kenya, akashangiliwa na Wakenya, lakini jezi yake ilikuwa ya Uholanzi: Lornah Kiplagat. Huyu ndiye mwenye ile kambi ya mazoezi pale Iten, aliyoianzisha ili wasichana nao wapate mahali pa kufanya mazoezi bila kuitwa jikoni. Wakenya hawakurudi mikono mitupu: Linet Masai alishinda kwa chipukizi. Kisha akiwa mkubwa akawa wa pili mwaka 2009, wa pili 2010, wa pili 2011. McKiernan anakuelewa, dada.

Je, wajua kwamba wanawake waliwahi kushindania ubingwa wa dunia juu ya paa? Mwaka 2019 mjini Aarhus, Denmark, njia ilipanda paa la Jumba la Makumbusho la Moesgaard, lililooteshwa majani na kuinama kama mlima. Walilipanda mara moja tu? Wapi, kila mzunguko! Hellen Obiri akashinda, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuwa na mataji ya dunia ya uwanjani, ya ndani ya ukumbi na ya nyika. Uganda ikachukua shaba ya timu, na aliyefika wa tano ni msichana wa miaka 19, Peruth Chemutai. Lishike jina hilo: miaka 2 baadaye, Tokyo, akawa Mganda wa kwanza wa kike kushinda dhahabu ya Olimpiki.

Siku hiyohiyo ya Aarhus, chipukizi 3 walifika pamoja kiasi kwamba wote waliandikiwa dakika 20 na sekunde 50. Ikabidi picha iamue. Ikamchagua Beatrice Chebet.

Huyo Chebet ndiye tunayemfuata hadi Bathurst, Australia, Februari 2023. Njia ilipita kwenye mashamba ya mizabibu, kwenye tope la kutengenezwa na katikati ya matairi. Mbele alikuwa Letesenbet Gidey wa Ethiopia, bingwa wa dunia wa mita 10,000, yule aliyefukuzwa shule utotoni kwa kukataa kukimbia. (Soma sentensi hiyo tena.) Utepe ulikuwa kama mita 50 mbele yake, kwenye kijilima cha mwisho. Akageuka kuangalia nyuma, miguu ikagoma, akaanguka chini. Chebet akampita huku mwenzake bado yuko kwenye majani. Watu wakamwinua Gidey, akajikokota hadi mwisho, na kwa sababu ya mkono ule wa msaada akafutwa kwenye matokeo. Sheria haina huruma.

Chebet akashinda tena Belgrade, Machi 2024. Haikupita miezi 2, akakimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29. Tope la nyika linalipa, nakwambia.

Kuna mji wa Poland unaoitwa Bydgoszcz. Jaribu kuutamka, mimi nimeshindwa. Chebet mwingine, Emily wa Kenya, alishinda ubingwa wa dunia pale mwaka 2010. Mashindano yaliporudi mjini humo mwaka 2013, akashinda tena. Kwenye mbio za chipukizi za ile 2010, msichana wa Kenya wa miaka 16 alimaliza wa nne akiwa pekupeku, hana kiatu wala soksi, na alipoletwa tena 2013 akashinda. Unamjua: ni Faith Kipyegon, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500. Haya, kamuulize jirani yako kama alilijua hilo, kisha umwambie atamke jina la mji.