Mlenda Wenu, Makande Yetu: Vimilikishi na Mipaka ya Utani wa Vyakula katika Kiswahili

Ikisiri

Marafiki wanaozungumza Kiswahili hutaniana sana kuhusu vyakula wanavyovipenda na wasivyovipenda. Makala hii inaeleza ni kitu gani katika lugha kinachoufanya utani huo ubaki kuwa utani na usigeuke tusi. Hoja kuu ni kwamba mpaka huo hauwekwi na ukweli au uongo wa kinachosemwa, bali, kwa kiasi kikubwa, na kimilikishi kinachoambatana na jina la chakula. Kimilikishi -enu huelekeza dhihaka kwenye asili ya mtaniwa, -ako huielekeza kwa mpishi, na kutajwa kwa mama huivunja kabisa ruhusa ya utani. Aidha, makala inaonesha kuwa vyakula vya dhiki vina kanuni yake, ambapo -etu ndicho kimilikishi kilicho salama.

1.0 Utangulizi

Chakula cha faraja, kwa maana inayotumika hapa, ni kile ambacho mtu hukirudia anapokuwa mgonjwa, amechoka au yuko mbali na kwao. Si lazima kiwe cha gharama wala cha karamu. Kwa mmoja ni uji wa ulezi. Kwa mwingine ni mtori, ukoko wa wali uliogandia chini ya sufuria, au kiporo cha ugali kinacholiwa asubuhi kwa chai. Kiswahili hakina istilahi moja iliyozoeleka ya dhana hii. Msemaji wa kawaida husema tu “chakula cha kwetu”, na usemi huo, kama itakavyoonekana, una uzito wa kisarufi.

Vyakula vya namna hii vina tabia moja: kinachomliwaza mmoja humchefua mwingine. Mlenda unaoteleza, senene wanaokaangwa Kagera, dagaa wenye harufu kali, bokoboko lililopigwa mwiko hadi ngano na nyama haviwezi kutenganishwa, vyote vina wapenzi na wapinzani. Ndiyo maana ni malighafi ya kudumu ya utani katika hosteli za vyuo, ofisini na vijiweni. Swali la makala hii ni hili: inakuwaje mtu atukaniwe chakula anachokipenda kuliko vyote, naye acheke?

Mifano yote iliyotumika imetungwa kwa kufuata matumizi ya kawaida ya wasemaji, hasa wa Tanzania Bara na Unguja. Lengo si kuhesabu matukio bali kueleza utaratibu unaoyaongoza.

2.0 Utani, Adabu na Swali la Ukweli

Katika maandishi ya kianthropolojia, Radcliffe-Brown (1940) aliueleza uhusiano wa utani kuwa mchanganyiko wa urafiki na uhasama, ambamo mmoja anaruhusiwa kumdhihaki mwenzake naye hapaswi kukasirika. Moreau (1944) aliuchunguza utani wa Tanganyika hasa. Katika jamii nyingi za eneo hili ruhusa hiyo hutokana na udugu, kama baina ya babu na wajukuu, mashemeji na mabinamu, au hutokana na kabila. Utani wa makabila mara nyingi huelezwa kwa historia ya vita vya zamani au ya kukutana katika njia za misafara. Watani hao wana haki na wajibu: msibani mtani huweza kufanya mzaha ambao mtu mwingine angefukuzwa kwa kuufanya. Siku hizi neno hili limepanuka kiasi kwamba vyombo vya habari huziita klabu za Simba na Yanga “watani wa jadi”.

Marafiki waliokutana chuoni au kazini hawana ruhusa ya kuzaliwa nayo. Wanaliazima neno “mtani”, lakini ruhusa yenyewe ni lazima waijenge kwa lugha kila wanapozungumza. Hapa ndipo pragmatiki inapohitajika. Leech (1983) alipendekeza kwamba mzaha wa kirafiki hufanya kazi pale msemaji anaposema jambo ambalo ni dhahiri kuwa si la kweli na ni dhahiri kuwa si la adabu, ili kuonesha ukaribu. Msikilizaji huutambua uongo, hivyo hulichukulia neno kwa kinyume chake.

Sharti la uongo, hata hivyo, halitoshelezi utani wa vyakula. Mlenda unateleza kweli. Makande yanachelewa kuiva kweli. Dagaa wananuka, na hata anayewapenda hawezi kukana. Chumvi huongezwa, lakini kiini cha dhihaka huwa ni sifa halisi ya chakula inayojulikana na pande zote mbili. Ikiwa usalama wa utani hautoki katika uongo, budi utoke kwingine.

3.0 Kimilikishi kama Mpaka

3.1 Kimilikishi -enu

Tuangalie mazungumzo ya marafiki wawili wanaoishi chumba kimoja, A akiwa ametoka Dodoma na B Upareni.

(1) A: Nyinyi nanyi na makande yenu! Tangu asubuhi sufuria liko jikoni, gesi inakwisha, mahindi bado yanabisha.
B: Yaache yabishe, mtani. Afadhali sisi tunatafuna. Mlenda wenu ule, tonge liko mdomoni, kamba bado iko bakulini!
A: Ndiyo maana kwetu hakuna aliyewahi kukabwa na tonge.

Anayeambiwa ni mtu mmoja, na sufuria lililoko jikoni ni lake. Pamoja na hayo, A anasema “nyinyi” na “yenu”, naye B anajibu kwa “wenu”. Wingi huu si wa heshima. Kazi yake ni kumwondoa msikilizaji katika nafasi ya mtu binafsi na kumweka ndani ya kundi, ili jiwe lirushwe kwenye kundi naye apate nafasi ya kusimama kama mtetezi wake.

Matumizi haya yanakubaliana na utaratibu mpana zaidi wa Kiswahili. Mtu akisema “kwangu”, kwa kawaida anataja nyumba yake mwenyewe. Akisema “kwetu”, anataja alikozaliwa, hata kama ni yeye pekee aliyebaki katika ukoo. Kimilikishi cha wingi, kwa hiyo, ni kimilikishi cha asili. Chakula cha faraja ni cha “kwetu” kabla ya kuwa “changu”, na mtani anayesema “chenu” anakirudisha kilikotoka. Kioneshi “ule” katika (1) kinasaidia kazi hiyo: mlenda unaotajwa hauko mezani, uko mbali, kwa watu wa mwenzake.

3.2 Kimilikishi -ako

Tofauti inaonekana wazi pale kimilikishi kinapobadilika huku maneno mengine yakibaki yaleyale. Tuchukue wanawake wawili marafiki wa Unguja.

(2) a. Shoga, nyinyi na bokoboko lenu! Chakula kama gundi.
b. Shoga, bokoboko lako hili! Chakula kama gundi.

Tashbihi ni ileile na ukweli wake, kama upo, ni uleule. Lakini (2a) inalisema bokoboko kama aina ya chakula, ilhali (2b) inaisema kazi ya mikono ya aliyepika. Mwenyeji wa (2a) anaweza kujibu kwamba wasiojua kula wana maneno mengi. Mwenyeji wa (2b) ataanza kujiuliza kama aliliacha jikoni kupita kiasi. Kwa mtazamo wa Brown na Levinson (1987), -ako huugusa moja kwa moja uso wa mtu, yaani taswira yake anayotaka wengine waiheshimu, wakati -enu huugawa mguso huo kwa watu wengi hadi uwe mwepesi.

Hata hivyo, -ako si mwiko wa daima. Pale udugu wenyewe unapotoa ruhusa, huweza kutumika bila madhara. Mjukuu wa kiume anaweza kumuuliza bibi yake, “Bibi, uji wako huu tunakunywa au tunaogea?” naye akajibiwa, “Mume wangu, ukishindwa kunywa nitatafuta mume mwingine.” Wawili hawa hawahitaji kujenga ruhusa, kwa sababu wamezaliwa nayo. Kwa hiyo kanuni inaweza kuelezwa hivi: kadiri uhusiano unavyokuwa na ruhusa ndogo ya kurithi, ndivyo kimilikishi cha wingi kinavyobeba mzigo mkubwa zaidi.

3.3 Mama

Hatua ya tatu ni fupi kuielezea kwa sababu wasemaji hawana shaka nayo. “Mlenda wenu” ni utani. “Mlenda wa mama yako” si utani tena baina ya marafiki wa kawaida. Katika Kiswahili kumtaja mama wa mtu kwa dhihaka ni kumtukana, na katika ugomvi maneno “mama yako” pekee, bila nyongeza, hutosha kuchokoza.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa. Chakula cha faraja, mara nyingi, ni chakula cha mama. Mtu huukumbuka mlenda kwa sababu aliupikiwa na mama, bibi au shangazi katika chungu fulani. Pande zote mbili zinajua kwamba nyuma ya kila “chenu” kuna mwanamke aliyepika. Kimilikishi cha wingi humsitiri mwanamke huyo. Utani unaendelea kwa sababu hatajwi, na anayemtaja huwa ameliondoa pazia lililowaruhusu wote kucheka.

4.0 Jibu la Mtaniwa

Utani hauwi utani mpaka ujibiwe. Katika (1), A hakani kwamba mlenda unateleza. Anaikubali ila hiyo na kuigeuza sifa: kinachoteleza hakikabi. Huu ndio mtindo bora wa kujibu, nao hutegemea ukweli wa dhihaka, kwa kuwa uongo mtupu hukanwa lakini haugeuzwi. Hii ni sababu nyingine ya kuona kwamba sharti la Leech haliufai utani wa aina hii.

Majibu ya aina mbili huua mchezo. La kwanza ni kimya. La pili ni maelezo ya dhati, kama vile kuanza kutaja faida za mlenda kiafya. Anayefanya hivyo huonekana ameumia.

Mofolojia nayo husaidia. Mtetezi hupenda kiambishi ki- cha udogo chenye mapenzi: “kiugali changu na kidagaa changu, sina shida na mtu.” Mshambuliaji wa mitaani hupendelea li- ya ukubwa na dharau: “liugali lenu lile”. Chakula ni kimoja, lakini upatanisho wa kisarufi katika sentensi nzima hubadilika kulingana na upande aliosimama msemaji. Inafaa kuona pia kwamba ki- ya mapenzi hukubaliana vizuri na “changu”, kwa maana mapenzi ya chakula yanaruhusiwa kuwa ya mtu binafsi, hata pale dhihaka yake inapotakiwa kuwa ya kundi.

5.0 Vyakula vya Dhiki

Kanuni ya -enu ina mpaka mmoja muhimu. Kuna vyakula ambavyo watu walivila kwa kukosa vingine. Katika miaka ya uhaba ya 1970 na 1980, Watanzania wengi walikula ugali wa unga wa mahindi ya njano ulioagizwa kutoka nje. Uliitwa unga wa Yanga, kwa rangi yake iliyofanana na njano ya jezi za klabu hiyo. Nchini Kenya, jina la sukuma wiki lenyewe ni utani wa watu juu ya hali yao: ni mboga ya kuisogeza wiki hadi fedha zipatikane. Maharage yenye wadudu ya shule za bweni ni ya kundi hilohilo. Baadhi ya vyakula hivi vilichukiwa vilipoliwa, na leo vinakumbukwa kwa kicheko na pengine kwa hamu.

(3) a. Unaukumbuka ugali wetu wa Yanga? Ukipoa, unaweza kujengea ukuta.
b. Nyinyi na ugali wenu wa Yanga! Ukipoa, unaweza kujengea ukuta.

Sentensi (3a) ikisemwa na aliyeula kwa mwingine aliyeula, ni faraja yenyewe. Sentensi (3b) ikisemwa na ambaye hakuula, ni kumsimanga mtu kwa umaskini wake. Mlenda ni wa asili ya mtu, na kila mtu ana asili, hivyo mtaniwa ana cha kurudisha. Njaa si asili ya mtu. Aliyeshiba hana “chenu” anachoweza kurudishiwa, na pasipo uwezekano wa kurudishiana hapana utani. Katika vyakula vya dhiki, basi, kimilikishi salama ni -etu, kwa sababu kinathibitisha kwamba msemaji naye alikuwapo kwenye sinia.

Tatizo ni kwamba chakula kimoja kinaweza kuwa cha asili kwa mmoja na cha dhiki kwa mwingine. Dagaa ni fahari kwa mtu wa ziwani. Kwa mwingine ni kumbukumbu ya mwezi ambao nyama haikuonekana. Mtani asiyeijua historia ya mwenzake huweza kusema “dagaa wenu” kwa nia njema akamjeruhi. Migogoro mingi ya utani wa vyakula huzaliwa hapa, na kanuni ya sarufi pekee haiwezi kuizuia.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba utani wa vyakula una mpangilio. Ukweli wa dhihaka hauharibu utani. Kinachouharibu ni kuelekezwa kwake. Kimilikishi -enu huelekeza kwenye asili na hualika jibu, -ako huelekeza kwa mpishi na huhitaji ruhusa ya udugu, mama hatajwi, na dhiki husemwa kwa -etu.

Matokeo ya uchambuzi huu yanawahusu watu watatu. Mwalimu wa Kiswahili kwa wageni hana budi kufundisha kwamba umoja na wingi wa vimilikishi si suala la idadi tu. Mfasiri anayehamisha mazungumzo kama (2) kwenda Kiingereza cha kisasa, ambacho hakitofautishi umoja na wingi katika nafsi ya pili, atajikuta sentensi zake mbili zinakaribia kuwa moja, na atalazimika kuitafutia tofauti hiyo njia nyingine. Mhakiki wa fasihi naye, anapokutana na wahusika wanaotaniana mezani katika riwaya au tamthiliya, anaweza kuvisoma vimilikishi vyao kama ushahidi wa ukaribu au ufa uliopo baina yao, hata pale mwandishi asipousema waziwazi.