Je, Wajua Kifuniko cha Mviringo Hugeuka Umbo la Yai?

Chukua kasha dogo la mbao la kuwekea pete na hereni, lililochongwa Changamwe, Mombasa, na kupakwa rangi kwa mkono. Kifuniko chake kinaingia barabara, hakikwami wala hakipwayi. Mgeni akilinunua na kwenda nalo Ulaya, akaliweka sebuleni msimu wa baridi, kabla baridi haijaisha kifuniko kitakuwa kimeanza ukaidi. Ukikizungusha upande huu kinakaa, ukikigeuza upande wa pili kinakwama. Hakuna aliyekidondosha. Maji yaliyokuwamo ndani ya mbao yamehama.

Mti mbichi hubeba maji ya namna mbili. Kuna yanayojaa katika vijishimo vya chembe zake, na kuna yaliyonaswa ndani ya kuta za chembe hizo. Ya kwanza yakikauka, gogo linapungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, ni zamu ya maji ya kwenye kuta, na hapo ndipo mbao inapoanza kusinyaa.

Haisinyai sawasawa pande zote. Kwenda na urefu wa mti haipungui kiasi cha kuonekana. Kutoka kiini kwenda gome hupungua kidogo, na kwa kuzunguka, kufuata pete za ukuaji, hupungua takriban mara mbili ya hapo. Ndiyo maana gogo zima lililoachwa juani hupasuka kwa mstari unaoanzia gomeni kuelekea kiini: mzunguko umetaka kufupika kuliko moyo wake unavyoruhusu. Kwa sababu hiyo hiyo, kifuniko cha mviringo kilichokatwa kwa kukingama na gogo hugeuka umbo la yai.

Kwa hewa ya Mombasa, mbao iliyotulia hubaki na unyevu wa karibu asilimia 14. Katika nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi, hushuka hadi karibu 6. Kwa makadirio, kifuniko cha upana wa sentimita 10 kitapungua karibu milimita 2 upande mmoja na milimita 1 upande wa pili. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Kwa hiyo fundi wa kasha anapambana na maji kabla hajapambana na ugumu wa mti. Huchonga umbo la awali mti ukiwa mbichi, kwa tezo, kwa kuwa ubichi ni ulaini. Huacha unene wa akiba, kisha hukiweka kipande kivulini kikauke polepole, mbali na jua na upepo. Ndipo hurudi na patasi, kisu na msasa kuweka vipimo vya mwisho. Rangi na vanishi huja baadaye. Vanishi haizuii maji kabisa, huyacheleweshea safari tu, kwa hiyo ndani ya kasha nako kupakwe. Likipakwa nje peke yake, uso mmoja hukauka upesi kuliko mwingine na mbao hupinda.

Changamwe ndiko kwenye karakana kubwa ya kazi hizi Mombasa: ushirika wa wachongaji wa Kikamba, Akamba Handicraft, ulioanzishwa 1963. Masimulizi ya ufundi huu humtaja Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa wachongaji wa huko na kurudi na ujuzi nyumbani. Leo kazi hugawanywa: mmoja huchonga, mwingine hupiga msasa, mwingine hutia rangi na kung'arisha.

Kwa miaka mingi miti iliyopendwa ilikuwa muhugu, wenye harufu nzuri na nyuzi laini, na mpingo, mweusi na mzito hata huzama majini. Yote miwili hukua polepole mno. Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa. Soko la watalii halikungoja. Muhugu ukapungua katika misitu ya Kenya, ukiwamo Arabuko-Sokoke. Miaka ya 1990 mradi wa WWF, UNESCO na bustani ya Kew ukaanza kuwashawishi wachongaji wahamie miti ya mashambani: mwembe, jakaranda na mwarobaini.

Mwarobaini huo hautafutwi mbali. Huku Utange, kama kwingine Kisauni, Mombasa, si ajabu kuukuta uani ukitoa kivuli. Asili yake ni Bara Hindi, na ni jamaa wa mkangazi. Mbao ya moyo wake ni nyekundu ya kahawia na mchwa hawaipendi. Kasoro yake ni nyuzi zilizopishana: patasi ikipita kinyume hung'oa vipande, kwa hiyo msasa una kazi zaidi. Lakini hukua upesi, na ndege na popo huisambaza mbegu yake hata mahali usipotakiwa, hivyo kuukata hakuachi pengo msituni. Mwaka 2005 vinyago vya mti huu kutoka pwani ya Kenya vilipata cheti cha FSC, cha mbao inayovunwa kwa utaratibu.

Kuna mafundi waliolikwepa tatizo la kifuniko kwa kuacha mbao kabisa. Huko Srinagar, Kashmir, makasha hutengenezwa kwa karatasi, ufundi unaohusishwa na sultani Zain-ul-Abidin wa karne ya 15. Karatasi hulowekwa kwa siku kadhaa, hutwangwa na kuchanganywa na gundi ya mchele, kisha hubandikwa juu ya kalibu na kuachwa ikauke. Fundi wa nakshi hupokea hapo na brashi yake. Karatasi nayo ni mti, ila nyuzi zake zimetawanyika kila upande, basi hakuna upande unaosinyaa kuliko mwingine. Kifuniko cha duara hubaki duara.

Ukitaka kununua kasha, ligeuze chini. Tazama pete za mti kwenye kitako; kiini chake kisiwemo. Penye kiini ndipo ufa huanzia. Ukiambiwa ni mpingo, lipime kwa mkono, kisha lisugue kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Likiwa jepesi na kitambaa kikatoka cheusi, hiyo huenda ni rangi ya viatu juu ya mti mwepesi kama jakaranda. Na muulize fundi limekauka muda gani. Fundi mzuri hujibu bila kusita.